Anayetafuta Kabinti Singida ni Msomi

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo ndipo simu kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Arusha huanza kuingia vijijini Iramba, Mkalama na Ikungi: "Nitafutieni kabinti ka kunisaidia nyumbani. Kawe katulivu." Nauli inatumwa kwa simu, binti anapanda basi na kushukia Stendi ya Magufuli, Mbezi. Shule ikifunguliwa, jina lake linaitwa na hakuna wa kuitika.

Ikitajwa ajira ya watoto mkoani Singida, vidole huelekezwa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu na kwa wafugaji wanaowaachisha wana wao shule wakachunge. Wanastahili lawama. Ila wao hawaketi kwenye semina za Juni 12, siku ya dunia ya kupinga utumikishwaji wa watoto. Tunaoketi ni sisi, walimu, wahasibu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, na nyumbani tumeacha mtoto wa miaka 13 akifua.

Sababu zetu zinaeleweka. Mume na mke wote wana ajira, likizo ya uzazi ya siku 84 imekwisha, kichanga hakiwezi kuachwa peke yake. Lakini kwa nini kabinti, asiwe mama mtu mzima? Kwa sababu mtu mzima huuliza mshahara, hutaka siku ya mapumziko na akionewa hufungasha. Mtoto aliye mbali na kwao hana pa kwenda. Huo utulivu tunaouagiza ni woga wake.

Sheria tunaijua, maana wengine tuliifundisha. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1998, na ule wa aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto mwaka 2001. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14, isiyomzuia kusoma, na inakataza kabisa kazi za usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sasa basi la shule huwapitia watoto wetu saa 11:30 alfajiri. Aliyewachemshia chai na kuwapigia pasi sare aliamka saa ngapi?

"Kwao kuna njaa, huku anakula," tunajitetea. Kweli, Singida mvua ni haba, na alizeti ikikauka mzazi hubaki mikono mitupu. Lakini tangu 2016 sekondari ya serikali haina ada hadi kidato cha nne. Kinachowashinda wengi ni sare, madaftari na umbali wa shule, na mwenye nauli ya kumleta mtoto mjini hakosi fedha ya sare.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta msaada. Akiwasahau wenzake ni msaliti. Sisi tumevuka hapo: tunarudi kijijini kuchukua watoto.

Ndugu msomaji, mwaka huu ukipiga simu nyumbani mwezi Desemba, uliza binti amepangiwa shule gani na amepungukiwa nini. Msaidizi wa nyumbani ajiri mtu mzima, kwa mkataba. Na ukimwona mtoto anatumikishwa kwa jirani, namba ya kupiga ni 116, bure.