Filamu za Kutisha na Toleo la Pili

Ni aina chache za sinema zinazorudiwa mara nyingi kama filamu za kutisha. Dracula, Frankenstein, mtu asiyeonekana, maiti wanaotembea, muuaji mwenye msumeno: wote wamepigwa picha, wakazikwa, kisha wakafufuliwa na waongozaji wengine. Kila studio ya Marekani inapotangaza toleo jipya la filamu inayopendwa, mashabiki hulalamika kwamba Hollywood imeishiwa na mawazo na kwamba kilichokamilika hakipaswi kuguswa. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, ila linasahau jambo moja. Filamu kadhaa ambazo mashabiki hao hao huzitetea kwa nguvu zote zilikuwa zenyewe marudio.

Mfano ulio wazi ni The Thing ya John Carpenter, iliyotoka Juni 1982. Chanzo chake ni hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, "Who Goes There?", kuhusu watafiti waliokwama kwenye barafu ya Antaktika pamoja na kiumbe kutoka anga za mbali. Kiumbe hicho humla mtu kisha kujigeuza mtu huyo huyo, kwa sura na kwa sauti. Hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezewa filamu mwaka 1951, The Thing from Another World, iliyotayarishwa na Howard Hawks. Ni filamu nzuri, yenye mazungumzo ya haraka na wanajeshi wachangamfu. Lakini kiumbe kinachojigeuza kilikuwa kazi ngumu kwa mbinu za wakati ule, kwa hiyo watazamaji wakapewa jitu moja refu, lililochezwa na James Arness, likizurura kwenye kambi ya Ncha ya Kaskazini. Wazo la kutisha kuliko yote katika hadithi, kwamba mwenzako mnayekula naye meza moja huenda si mwenzako tena, liliachwa nje.

Carpenter aliipenda filamu hiyo ya 1951. Katika Halloween, filamu yake ya mwaka 1978, watoto wanaonekana wakiitazama kwenye televisheni. Hata hivyo, alipopata nafasi ya kuirudia hakuiiga. Alirudi kwa Campbell na kuchukua lile lililoachwa, kisha akamkabidhi Rob Bottin, kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi ya kuunda viumbe bandia ambavyo hadi leo si vya kutazama wakati wa kula. Tukio la kupima damu, ambapo mtu mmoja anachomeka waya wa moto katika damu ya kila mwenzake huku wengine wamefungwa kwenye viti, lina hofu ambayo filamu ya kwanza haikuikaribia. Mapokezi yalikuwa mabaya hata hivyo. Wiki mbili tu kabla, E.T. ya Steven Spielberg ilikuwa imewaletea watazamaji mgeni wa anga aliye mpole na mwenye kupendeka, na wakosoaji wakaiona kazi ya Carpenter kuwa uchafu mtupu. Heshima ilikuja baadaye, kwa njia ya kanda za video na televisheni.

Miaka minne baadaye David Cronenberg alifanya jambo linalofanana na hilo kwa The Fly. Katika toleo la 1958, mwanasayansi anaingia kwenye mashine ya kusafirisha vitu pamoja na nzi, na anatoka akiwa na kichwa cha nzi hapo hapo. Ni kioja, na kioja hakidumu. Cronenberg aliufanya mgeuko uwe wa polepole. Mwanzoni mhusika wake, aliyechezwa na Jeff Goldblum, anajisikia mwenye nguvu mpya; kisha kucha zinatoka, masikio yanadondoka, na mwanamke anayempenda anatazama bila la kufanya. Wengi walioiona mwaka 1986 waliisoma kama filamu kuhusu UKIMWI. Cronenberg mwenyewe alisema alikuwa akifikiria zaidi maradhi kwa ujumla na uzee, mambo ambayo hayamwachi mtu. Kazi ya sura bandia ya Chris Walas na Stephan Dupuis ilipata tuzo ya Oscar.

Filamu hizi mbili zilirudia kazi ambazo wazo lake lilikuwa kubwa kuliko utekelezaji wake. Nafasi ilikuwepo, na waliorudia waliiona. Hapo ndipo orodha ya filamu zinazofaa kurudiwa inapoanza kuwa tofauti na orodha ya filamu zilizo bora, maana filamu ikiwa imefikia kilele cha kila ilichokusudia, anayeirudia hana pa kuingilia.

Psycho ya Alfred Hitchcock iko katika kundi hilo la pili. Hitchcock aliipiga mwaka 1960 kwa picha nyeusi na nyeupe na kwa gharama ya kama dola 800,000 hivi, akitumia watu wengi waliokuwa wakifanya naye kazi ya televisheni. Janet Leigh, nyota aliyejulikana zaidi katika filamu hiyo, anauawa bafuni kabla ya filamu kufika nusu. Mtazamaji wa 1960 hakuwa na namna ya kulitegemea hilo: mhusika aliyemfuata tangu mwanzo, pamoja na pesa alizoiba, ameondoka, na sasa hajui amfuate nani. Ndiyo maana Hitchcock alidai majumba ya sinema yasimruhusu mtu yeyote kuingia filamu ikishaanza.

Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho karibu picha kwa picha, kwa kutumia mswada ule ule wa Joseph Stefano na muziki ule ule wa Bernard Herrmann uliopangwa upya. Aliongeza rangi, waigizaji wapya na vipande vichache vya hapa na pale. Matokeo yake yamekuwa kama jaribio la maabara, na kwa maana hiyo yana faida yake: yanaonyesha kwamba kamera ikiwekwa pale pale na maneno yakisemwa yale yale, hofu haiji kwa lazima. Vince Vaughn hakuwa na ule upole wenye wasiwasi wa Anthony Perkins. Lililo kubwa zaidi, kila mtu aliyenunua tiketi alikuwa anajua kitakachotokea bafuni. Mshtuko wa Hitchcock ulikuwa wa kutumika mara moja tu, na ulikuwa umetumika miaka 38 kabla. Wapo wasomi wa sinema wanaoitetea kazi ya Van Sant kuwa sanaa ya dhana. Utetezi huo unaweza kukubalika bila kumfanya mtu atamani kuitazama tena.

Kuna aina ya tatu ya filamu, nayo ndiyo inayojibu vizuri zaidi swali la kama marudio yana thamani. Hizi ni zile ambazo hofu yake inabadilika kadiri jamii inavyobadilika. Hakuna mfano ulio kamili zaidi ya Invasion of the Body Snatchers, iliyotokana na riwaya ya Jack Finney na kutengenezwa mara nne katika muda wa miaka hamsini na kitu.

Kiini ni kile kile kila mara. Mbegu kutoka angani zinazaa nakala za watu wakiwa usingizini. Nakala zinafanana na wenyewe kwa kila kitu isipokuwa hazina hisia. Don Siegel aliiweka hadithi hiyo, mwaka 1956, katika mji mdogo wa kubuni wa California uitwao Santa Mira, ambako daktari anaanza kupokea wagonjwa wanaoapa kwamba mjomba si mjomba na mama si mama. Marekani ya miaka ile iliwaogopa Wakomunisti waliojificha, na pia iliwaogopa wanasiasa waliokuwa wakiwasaka. Watazamaji wameisoma filamu kwa njia zote mbili, na inazibeba zote. Studio iliogopa mwisho wenye giza ikalazimisha kuongezwa mwanzo na mwisho mpya unaotoa matumaini.

Philip Kaufman aliihamishia San Francisco mwaka 1978, na uamuzi huo ulibadilisha kila kitu. Katika mji mdogo, jirani akibadilika watu wanamshangaa. Katika jiji kubwa watu hawajuani tangu mwanzo, na kila mmoja ana mtaalamu wa kumwambia kwamba wasiwasi wake ni tatizo la kisaikolojia. Leonard Nimoy anacheza daktari wa nafsi anayeuza vitabu vya ushauri, na anaeleza kila hofu ya kweli kuwa ni matatizo ya ndoa. Kevin McCarthy, mhusika mkuu wa 1956, anaonekana kwa dakika chache akikimbia barabarani huku akipiga kelele za onyo, kana kwamba amekuwa akikimbia kwa miaka 22 bila mtu kumsikiliza. Mwisho wa filamu ni kati ya miisho ya kikatili zaidi katika sinema ya Marekani: Donald Sutherland, mhusika mkuu, ananyoosha kidole na kufungua mdomo, na mtazamaji anaelewa kwamba naye amegeuzwa. Toleo hili linalingana na la kwanza, na kwa maoni ya wengi linalizidi.

Abel Ferrara, mwaka 1993, aliipeleka kwenye kambi ya jeshi. Swali lake ni la ujanja: mahali ambapo kila mtu anavaa sare moja na kutii amri moja, nani atagundua kwamba watu wamebadilishwa? Mvulana mdogo anayesema mama yake si mama yake hapati wa kumwamini. Kisha ikaja The Invasion ya 2007, ikiwa na Nicole Kidman, na hapo mambo yakaharibika. Studio haikuridhika na kazi ya Oliver Hirschbiegel, ikawaita ndugu wa Wachowski waandike upya na James McTeigue apige matukio mengine. Ugonjwa ukapewa tiba, familia ikasalimika, magari yakakimbizana. Hofu ilikuwa na pa kusimama, kwa sababu wazo la virusi vinavyobadilisha watu lilikuwa hai, ila hakuna aliyeruhusiwa kulifuata hadi mwisho wake.

Studio zenyewe hupiga hesabu nyingine kabisa. Filamu ya kutisha haihitaji nyota wa bei kubwa, na jina linalojulikana hujitangaza. The Texas Chainsaw Massacre ya 2003 iligharimu chini ya dola milioni 10 na kuingiza zaidi ya milioni 100 duniani. Baada ya hapo kampuni ya Platinum Dunes ya Michael Bay ilifuata na The Amityville Horror, The Hitcher, Friday the 13th na A Nightmare on Elm Street, moja baada ya nyingine hadi 2010. Kuna kejeli ndogo hapa: mpiga picha wa toleo hilo la msumeno, Daniel Pearl, ndiye aliyepiga la 1974. Mtu yule yule, mashine bora zaidi, na matokeo hafifu zaidi. Filamu ya Tobe Hooper ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 katika joto la Texas na watu wasio na pesa, na ukwaruzo huo uliifanya ionekane kama jambo lililotokea kweli. Ile ya 2003 ni safi na yenye mwanga mzuri kama tangazo la biashara.

Hesabu hizo hazizuii kazi nzuri. The Invisible Man ya Leigh Whannell, iliyotoka Februari 2020, ilitengenezwa kwa kama dola milioni 7. Riwaya ya H. G. Wells ya 1897 na filamu ya James Whale ya 1933 zilimfuata mtu asiyeonekana mwenyewe. Whannell alimfuata mwanamke anayemkimbia, ambaye hakuna anayemwamini anaposema mpenzi wake anayedhaniwa amekufa bado yumo chumbani. Kamera inakaa kwenye kona tupu za nyumba muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, na mtazamaji anajikuta akiichunguza hewa.

Kuna pia marudio ya kuvuka mipaka ya nchi. Ringu ya Hideo Nakata ilitoka Japani mwaka 1998, na The Ring ya Gore Verbinski ikafuata Marekani mwaka 2002 kwa sababu ya kawaida kabisa: Wamarekani wengi hawapendi kusoma tafsiri chini ya picha. Kanda ya video inayomuua anayeitazama baada ya siku saba ilihama bila shida, maana kila nyumba ilikuwa na deki. Kilichopungua ni mzimu. Sadako wa Japani anatoka katika masimulizi ya zamani ya wanawake waliodhulumiwa na kurudi kulipiza kisasi, wakiwa na nywele ndefu na vazi jeupe la maiti. Samara wa Marekani ilibidi apewe maelezo mengi. Hata hivyo filamu ilifanikiwa sana, na mwaka 2003 Ringu yenyewe ikauzwa kwa DVD huko Marekani, kwa watu ambao vinginevyo wasingeisikia.

Hofu kwamba toleo jipya litalifuta la zamani haina msingi mkubwa siku hizi, ila kuna wakati filamu ziliweza kufutwa kweli, ya zamani au hata mpya. Nosferatu ya F. W. Murnau, ya 1922, ilikuwa Dracula iliyotengenezwa bila ruhusa. Mjane wa Bram Stoker alishtaki, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Chache zilinusurika, na kutokana na hizo yamekuja matoleo ya Werner Herzog mwaka 1979 na Robert Eggers mwaka 2024. Imani kwamba mwanga wa jua humuua mnyonya damu imetoka kwenye filamu hiyo ya wizi, wala haimo katika kitabu cha Stoker.

Dr. Jekyll and Mr. Hyde ilipatwa na hali tofauti. Paramount iliitengeneza mwaka 1931 chini ya Rouben Mamoulian, na Fredric March akapata Oscar kwa kucheza nafsi zote mbili. Studio ya MGM ilipotaka kutoa toleo lake la mwaka 1941, likiwa na Spencer Tracy, ilinunua haki za lile la kwanza na kuliondoa kwenye mzunguko ili lisilinganishwe. Lilikaa gizani kwa miaka mingi. Siku hizi yote mawili yanapatikana kwa urahisi, na wakosoaji wengi humpa March ushindi.