Muuzaji Anapoiondoa Sifa ya Kitu Alichokwisha Kukiuza: Hukumu Yake Katika Fiqhi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Masahaba zake. Ama baad:

Tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara na waumini wa hapa Kikwe na maeneo mengine ya Arumeru kuhusu jambo ambalo babu zetu hawakulijua. Mtu amenunua kifaa, iwe televisheni, simu au king'amuzi, kwa sababu ya sifa iliyotangazwa na muuzaji. Amelipa, amekabidhiwa na amekitumia. Kisha siku moja sifa ile inaondolewa kutoka mbali, bila mtu kuingia nyumbani kwake wala kukigusa kifaa chenyewe. Je, mnunuzi huyu ana haki yoyote kisheria?

Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba biashara imekwisha, mali imo mkononi mwa mnunuzi, na kila kinachoharibika baada ya kukabidhiwa ni hasara yake. Jibu hili lina asili katika vitabu vya fiqhi, lakini limesomwa nusu na nusu nyingine imeachwa. Inshaallah tutaieleza nusu hiyo iliyoachwa, kwa kufuata madhehebu ya Imamu Shafi'i (r.a.) ambayo ndiyo yanayosomeshwa katika madrasa zetu nyingi.

1. SURA ZA SUALA

Hukumu ya jambo hufuata kuelewa sura yake. Sura zenyewe ni tatu.

Sura ya kwanza ni muuzaji au mtengenezaji kuiondoa sifa kwa mkono wake mwenyewe. Kampuni ya Sony ilianza kuuza mwaka 2006 mashine ya michezo ya televisheni iitwayo PlayStation 3. Miongoni mwa sifa zake ni kwamba mwenye nayo aliweza kuweka ndani yake mfumo mwingine wa kompyuta na kuifanyia kazi nyingine. Tarehe 1 Aprili 2010 kampuni ilitoa programu mpya iliyoifuta sifa hiyo, kwa hoja ya usalama. Aliyekataa kuiweka programu hiyo alizuiwa kucheza na wenzake kupitia mtandao. Wanunuzi walifungua kesi Marekani, na baada ya miaka kadhaa ikaishia kwa suluhu ya kuwalipa fedha.

Sura ya pili ni mtu wa tatu kuisimamisha huduma iliyokuwa inategemewa na kifaa. Mwaka 2013 ilitoka simu ya Nokia Asha 210 ambayo katika baadhi ya nchi iliuzwa ikiwa na kitufe maalumu cha WhatsApp. Ilipofika tarehe 31 Desemba 2018, WhatsApp ilisimamisha huduma yake kwa simu za aina hiyo. Kitufe kilibaki, kazi yake ikaondoka.

Sura ya tatu ni sifa kuondoka kwa amri ya serikali, nayo tumeiona hapa Tanzania. Mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012 na kwetu Arusha mwaka 2013, wananchi walilazimika kununua ving'amuzi. Wengi walichagua vya kampuni za setilaiti kama Azam, DStv na Zuku, na humo waliziona pia chaneli za nyumbani kama ITV, Channel Ten na Star TV. Mwezi Agosti 2018 chaneli hizo ziliondolewa katika ving'amuzi hivyo kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Hoja ya Mamlaka ilikuwa kwamba leseni za kampuni hizo za kulipia hazikuziruhusu kubeba chaneli ambazo mwananchi ana haki ya kuzitazama bila malipo. Aliyetaka kuzitazama alilazimika kutafuta king'amuzi kingine.

Tunazitaja kampuni hizi ili sura ifahamike, si kuzihukumu. Kuhukumu baina ya wagomvi ni kazi ya kadhi au mahakama, baada ya kusikiliza pande zote mbili.

2. SIFA ILIYOTANGAZWA NI SEHEMU YA MKATABA

Qur'ani Tukufu imetuamuru kutekeleza mikataba (Al-Maida, aya ya 1), na imeharamisha kula mali za watu kwa batili isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana (An-Nisaa, aya ya 29). Ridhaa ya mnunuzi haiangukii chuma na kioo pekee. Huangukia kitu kikiwa na sifa zake alizozitaka.

Kwa ajili hiyo Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaju Talibin kwamba muuzaji akishurutisha sifa inayokusudiwa, kwa mfano kuwa mnyama ana mimba au anatoa maziwa, biashara inasihi, na mnunuzi ana khiyari ikiwa sifa hiyo haikupatikana. Khiyari ni haki ya kuchagua baina ya kuendelea na biashara au kuivunja. Wanazuoni wa dola ya Uthmaniya nao waliandika maana hiyo hiyo katika Majalla, kifungu cha 310.

Na inajulikana hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kuhusu mfanyabiashara wa nafaka. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya fungu akakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakuikataa mvua. Alichomuuliza ni kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Funzo ni kwamba hata pale sababu inapokuwa si ya muuzaji, kuificha ni kwake.

3. JE, KUKABIDHIWA KUNAMALIZA KILA KITU?

Hapa ndipo penye utata. Kanuni inasema kwamba aibu (yaani kasoro) iliyozuka baada ya mnunuzi kukabidhiwa ni dhamana ya mnunuzi. Ukinunua ng'ombe mnada wa leo, na kesho akavunjika mguu zizini kwako, huna cha kumdai aliyekuuzia.

Lakini Minhaj haikuishia hapo. Imamu Nawawi ameitoa katika kanuni hiyo aibu inayotokana na sababu iliyotangulia. Mfano wa vitabu ni mtumwa aliyetenda kosa akiwa kwa muuzaji, kisha adhabu ya kukatwa mkono ikampata akiwa kwa mnunuzi. Kasoro imeonekana baadaye, sababu yake ilikuwepo kabla. Kwa kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu, mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Tulete mfano wa mifereji yetu ya Meru. Mtu ana mashamba mawili katika mfereji mmoja, la juu na la chini. Analiuza la chini na kutangaza kwamba lina zamu yake ya maji, na bei inapanda kwa ajili ya maji hayo. Mnunuzi analima misimu miwili. Msimu wa tatu muuzaji, ambaye bado yuko juu na bado ameshika lango la mfereji, anaziba maji. Hivi yupo mzee wa mfereji atakayesema kwamba shamba limekwisha kukabidhiwa na hivyo mnunuzi avumilie? Hayupo. Udongo ulikabidhiwa, lakini lango lilibaki kwa muuzaji.

Kifaa cha leo kinachounganishwa na mtandao ni kama shamba hilo. Mnunuzi amebeba boksi, na kampuni imebaki na lango. Uwezo wa kuzima na kufuta ulikuwepo siku ya kuuza, muuzaji aliujua na mnunuzi mara nyingi hakuujua. Kwa rai yetu hiyo ndiyo sababu iliyotangulia.

Na hata mtu akiikataa njia hii, ipo ya pili. Baada ya kukabidhi, muuzaji katika mali ile ni sawa na mtu mwingine yeyote. Mtu mwingine akiharibu mali yako atalipa. Basi njia zote mbili zinafika kwenye dhamana.

4. SHARTI LA "TUNAWEZA KUBADILISHA WAKATI WOWOTE"

Kampuni husema: mnunuzi alibonyeza kitufe cha kukubali, na ndani ya maandishi yale mna sharti kwamba tunaweza kuondoa huduma yoyote wakati wowote.

Jambo hili lina asili ya zamani, nayo ni kuuza kwa sharti la kujitoa katika aibu. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo. Mnunuzi akamlalamikia kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman (r.a.), naye akahukumu kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza bila ya kujua maradhi yoyote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Akapona, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Wanazuoni wa Kishafi'i wakaijengea hukumu juu ya kisa hiki: sharti hilo humtoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, wala halimtoi katika nyinginezo. Kisha Minhaj ikaongeza kwamba akishurutisha kujitoa katika aibu zitakazozuka baadaye, sharti hilo halisihi kwa kauli yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo karatasi inayosema "nitakachokiondoa kesho usinidai" haimpi muuzaji zaidi ya alichopewa na sheria. Na anayelazimishwa kuchagua kipi apoteze kati ya vitu viwili ambavyo vyote amekwisha kuvilipia, kubonyeza kwake kitufe si ridhaa.

5. HUKUMU YA KILA SURA

Katika sura ya kwanza, muuzaji anabeba dhamana. Akisema ameiondoa sifa kwa ajili ya usalama, tutamwambia kwamba huenda ana udhuru wa kuiondoa, lakini dharura haibatilishi haki ya mtu mwingine. Aliyekula chakula cha mwenzake kwa njaa kali hana dhambi, na bado atakilipa.

Katika sura ya pili ni lazima kutofautisha. Ikiwa muuzaji aliitangaza huduma kana kwamba ni yake, akaficha kwamba iko mikononi mwa mwingine, ameghushi. Ikiwa jambo hilo lilijulikana, basi desturi ya watu ina nafasi ya sharti. Hakuna anayetarajia simu idumu milele, na huduma iliyosimama baada ya kifaa kuishi umri wake wa kawaida haiwi kama iliyosimama mwezi wa pili tangu kununuliwa.

Katika sura ya tatu, anayetii agizo halali la mamlaka hana dhambi kwa kutii. Lakini tuitazame sababu. Ikiwa muuzaji aliuza sifa ambayo hakuwa na idhini nayo tangu mwanzo, hili linafanana na mtu aliyeuza mali, kisha ikadhihiri kuwa ina mwenyewe. Mwenyewe huchukua chake, na mnunuzi hurudi kwa aliyemuuzia. Ama ikiwa idhini ilikuwepo na sheria ikabadilika baadaye, hapo ndipo kauli ya hasara kuwa ya mnunuzi inapopata nguvu, isipokuwa kwa malipo ya mwezi. Malipo hayo ni ijara, yaani malipo ya manufaa, na manufaa yasiyopatikana hayalipiwi.

6. MNUNUZI ATAPATA NINI?

Asili ni kurudisha kitu na kurudishiwa bei yote. Hatozwi chochote kwa kukitumia kabla ya hapo, kwani Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba manufaa humfuata anayebeba dhamana. Lakini atanabahi kwamba khiyari hii ni ya papo kwa papo. Anayejua kasoro akaendelea kutumia kwa hiari bila udhuru, haki yake ya kurudisha huanguka.

Kurudisha kukishindikana, kwa mfano kioo kimepasuka mikononi mwake, atalipwa arshi, yaani sehemu ya bei kwa kadiri ya upungufu. Tuseme televisheni yenye sifa ile ina thamani ya shilingi 600,000, na bila ya sifa ni 480,000. Upungufu ni moja ya tano. Ikiwa aliinunua kwa 500,000, arshi yake ni moja ya tano ya bei hiyo, yaani shilingi 100,000.

Dai lake kwanza ni kwa aliyefunga naye mkataba, yaani mwenye duka, naye mwenye duka atarudi kwa aliyemuuzia. Tanzania kuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji dhidi ya matangazo ya upotoshaji, na lipo Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma za mawasiliano. Kuzitumia njia hizi ni katika kutafuta haki, wala hakupingani na subira.

7. NASAHA

Ndugu mnunuzi, uliza kabla ya kulipa: sifa hii imo ndani ya kifaa, au inakuja kwa mtandao? Nani anaweza kuizima? Hifadhi risiti na tangazo.

Ndugu mfanyabiashara, hata kama wewe ni muuzaji mdogo wa Usa River au Arusha mjini, usiseme "ni bure maisha yote" kwa kitu ambacho lango lake hulishiki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha baraka hufutwa.

Nanyi Maimamu, muumini akija na suala hili msimrudishe kwa kauli ya "umeshakabidhiwa". Muulizeni kwanza: lango alibaki nalo nani?

Tunamuomba Allah atupe chumo la halali na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Wallahu a'lam.