Kinga Inapougeukia Ubongo

Swali linaloulizwa kila mara katika kliniki za saratani, yaani mgonjwa apewe nini ili kinga yake iongezeke, huwa halifai kabisa pale ambapo saratani iliyojificha mwilini imesababisha maradhi ya ubongo na neva, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo hakupungukiwa na kinga, bali kinga yake inafanya kazi kwa nguvu na inaifanya mahali pasipostahili.

Uvimbe wa aina fulani za saratani hutengeneza protini ambazo kwa kawaida hupatikana kwenye seli za neva, na kinga inapoutambua hutoa kingamwili, ambazo ni protini za kunasa kitu kigeni, pamoja na seli T zenye uwezo wa kuua, ambazo baadaye huzishambulia neva zenye protini hizo hizo. Kwa baadhi ya wanawake wenye saratani ya matiti au ya ovari hupatikana kingamwili iitwayo anti-Yo, na seli zinazoangamia ni zile za Purkinje katika serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Katika wiki chache mwanamke aliyekuwa mzima huanza kutembea akishika ukuta, kijiko humkosa mdomo na maneno humtoka kwa kukokotwa hata majirani wakamdhania mlevi, ilhali picha ya ubongo mwanzoni yaweza kuwa safi na uvimbe wenyewe, ambao mara nyingi ni mdogo, bado haujagunduliwa.

Hapo ndipo huletwa unga wa mlonge, habasoda, kitunguu saumu na vidonge vya bei kali vinavyonadiwa kuwa vinapandisha kinga. Inafahamika kwamba miaka mingi ya elimu kuhusu UKIMWI, ambako upungufu wa kinga ndio chanzo hasa cha madhara, imewazoesha watu kuamini kuwa kila ugonjwa mzito unatokana na kinga dhaifu. Hata hivyo, kuendelea kuuza imani hiyo kwa mgonjwa anayepoteza seli za ubongo kila siku ni jambo lisilovumilika. Ikiwa unga huo haupandishi kinga, mgonjwa amepotezewa wiki ambazo hazirudi, na ikiwa unaipandisha kweli, unamchochea adui wake. Ushahidi upo: dawa za kisasa zinazoifungulia kinga ili ishambulie saratani, kama vile pembrolizumab na nivolumab, zimewasababishia baadhi ya wagonjwa kuvimba kwa ubongo na udhaifu wa misuli, na mwenye maradhi haya tayari anaweza kuzidiwa akipewa.

Njia zinazofaa ni kupima kingamwili katika damu na maji ya uti wa mgongo, kuutafuta uvimbe kwa picha za kifua, tumbo, matiti na nyonga, kuuondoa au kuutibu mapema, na kuituliza kinga kwa steroidi, imunoglobulini ya mshipani, kubadilisha plazma, rituximab au cyclophosphamide, baada ya kupimwa kifua kikuu, VVU na homa ya ini B.

Matokeo hutofautiana. Katika ugonjwa wa kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA vilivyo juu ya seli za neva, ulioelezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, wengi hupona wakitibiwa mapema, kwa sababu kingamwili hizo huviondoa vipokezi bila kuiua seli. Lakini seli za Purkinje zilizokwisha kufa hazioti tena, kwa hiyo mtu mzima anayeanza kuyumba ndani ya wiki chache bila sababu afikishwe haraka kwa daktari wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya rufaa.