Kiswahili cha kwenye beseni la vyombo

Ukitoka katikati ya Durban kuelekea kusini, unapita Clairwood na kuingia Jacobs, eneo la viwanda, maghala na gereji. Malori yenye makontena hupita mchana kutwa yakienda na kurudi bandarini. Ukisikia "malezi ya watoto wadogo", huwazi mahali kama hapa. Lakini watu wanaishi Jacobs na mitaa inayoizunguka, na miongoni mwao wapo wanaozungumza Kiswahili: Wakongo, Watanzania, Warundi, Wakenya. Wana watoto, na wengi wa watoto hao wamezaliwa hapa hapa.

Mhariri alipotaka makala kuhusu mambo ya kila siku ambayo mzazi na mtoto mdogo wanaweza kufanya pamoja, wanachama wenzangu walinigeukia mimi. Nadhani ni kwa sababu katika chama chetu baba mwenye binti wa miaka minne ni mmoja tu. Nimekubali, kwa sharti kwamba nisiandike orodha ya vifaa vya kununua.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mtoto wa hapa hupelekwa kreshi alfajiri, mzazi akiwahi kazini, na hurudi nyumbani jioni. Saa zote hizo anasikia Kizulu na Kiingereza. Akifika miaka mitano, mara nyingi mambo huwa hivi: mzazi anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na wote wawili wanaona wameelewana. Siku ya Jumapili bibi anapiga simu kutoka Tanga au Bukavu, mtoto anatazama skrini, anatabasamu, kisha anamgeukia mama yake amtafsirie. Bibi na mjukuu wakishahitaji mkalimani, kuna uzi umekatika, na sijaona familia nyingi zilizoweza kuuunga tena.

Wapo watakaosema shule itasaidia. Ni kweli kwamba mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kuwa Kiswahili kitaingizwa shuleni kama somo la hiari kuanzia 2020, na sisi wa chama tulifurahi kuliko wote. Ila mtoto wa miaka minne hasubiri mtaala. Halafu Kiswahili cha darasani na Kiswahili cha mapajani si kitu kimoja. Cha darasani kinakufundisha kuomba maji kwa adabu. Cha mapajani ndicho kitakachomwezesha kumwambia bibi yake kwamba tumbo linamsokota.

Wazazi ninaozungumza nao hawakosi nia, wanakosa muda. Mke wangu anafanya kazi ya zamu kiwandani, nami nina tasnifu inayonidai. Kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku tuna saa tatu tu, nazo zimeshajaa: kuogesha, kupika, kuosha vyombo, kukunja nguo. Kwa hiyo sishauri mtu aongeze kipindi cha Kiswahili juu ya kazi hizo. Nashauri mtoto apewe kipande chake ndani ya kazi hizo hizo, na kipande hicho kifanywe kwa Kiswahili.

Chukua beseni la vyombo. Wahadhiri wetu wataniwia radhi, lakini sijawahi kuona somo la ngeli lililopangwa vizuri kama lile. Karibu kila kitu kidogo kilichomo ni cha ngeli ya KI-VI: kikombe, kijiko, kibakuli, kifuniko, kikaango, kisu (kisu ni changu, mtoto hakigusi). Mimi naosha, yeye anapanga kwenye kitambaa. Namwambia, "Mama, nipe kikombe kidogo. Sasa vikombe viwili. Vijiko vyote." Akisema "vikombe kubwa", simkosoi. Najibu tu, "Ehe, vikombe vikubwa hivyo, viweke hapo," na kazi inaendelea. Baada ya miezi michache nikaanza kumsikia akisema "vikubwa" mwenyewe, kisha akavuka mipaka: akasema "visahani vikubwa" akimaanisha sahani za kawaida za chakula. Mtoto akianza kukosea kwa kufuata kanuni, ujue kanuni imemwingia. Ukifika kwenye sufuria, mwiko na upawa ndipo mambo yanapochanganyika, na hapo ndipo panaponoga.

Nguo nazo zina yake. Kukunja nguo zilizokauka ni mchezo wa "ya nani": shati la baba, gauni la mama, soksi zangu. Mtoto anatafuta pacha wa kila soksi, na vibanio anavihesabu anapovirudisha kwenye kopo. Dakika kumi zinatosha.

Siku za Jumamosi tunapika chapati. Mtoto anapewa donge lake dogo na pembe yake ya meza, mbali na jiko. Faida kubwa hapa ni vitenzi. Jikoni Kiswahili kina utajiri ambao wengi wetu tumeanza kuupoteza tukiwa ugenini: kuchota unga, kumimina maji, kukoroga, kukanda, kusukuma, kupindua, kuinjika sufuria, kuiepua. Mtu mzima anayeishi huku miaka mingi atakwambia "toa sufuria kwenye moto", na ataeleweka. Lakini mtoto aliyesikia "epua" mara ishirini, huku mvuke ukimpiga usoni kwa mbali, hatalisahau. Donge lake likitoka na umbo la ramani ya nchi isiyojulikana, linakaangwa hivyo hivyo na kuliwa na baba.

Usiku, na hasa umeme unapokatika, ni wakati wa vitendawili. Vile nilivyofundishwa Tanga vina minazi na mashua, navyo nampa. Lakini mtoto hutegua haraka kile anachokiona dirishani, kwa hiyo tunatunga vya Jacobs. "Kitendawili!" "Tega!" Nyumba zatembea barabarani, hazina watu wala madirisha. Hayo ni makontena. Kila asubuhi ananimeza, kila jioni ananitapika, wala siumii. Huyo ni teksi, yaani daladala ya huku. Akishindwa namwambia anipe mji. Mimi nilipokuwa mdogo nilitoa Mombasa na Unguja. Yeye ananipa Umlazi. Basi nakwenda Umlazi, nakirimiwa wali na kuku, nalala kitanda cha wageni, ninarudi na jibu. Siku nyingine ananipa Chatsworth kwa sababu anapenda namna neno linavyosikika. Safari ya mjini humfurahisha kuliko jibu lenyewe, nami nashuku kwamba huwa anashindwa makusudi.

Kipo kimoja ambacho yeye hucheka lakini mama yake hacheki: avuta moshi usiku na mchana, wala hakohoi. Jibu ni bomba la kiwanda. Wanaokohoa ni sisi.

Hili siwezi kulipita, maana makala ya michezo ya watoto kusini mwa Durban isiyotaja hewa itakuwa imeandikiwa mji mwingine. Bonde hili limebanwa na viwanda na makazi pamoja. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika Shule ya Msingi ya Settlers, huko Merebank, ulikuta pumu kwa kiwango cha kutisha miongoni mwa watoto. Mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Engen tarehe 4 Desemba 2020 wengi wetu tunaukumbuka. Kwa mzazi maana yake ni moja: zipo siku ambazo upepo unaleta harufu, na mtoto hatoki. Madirisha yanafungwa, dawa ya kuvuta inawekwa karibu kwa wenye pumu, na simu inakuwa yaya.

Siku hizo ndipo nanunua maharage ya madoadoa na kutandika mkeka. Tunachambua kwenye ungo: mawe huku, punje zilizooza kule, nzima kwenye bakuli. Mtoto mwenye miaka mitatu anaweza, na vidole vyake vinajifunza kile ambacho baadaye vitakihitaji kushika kalamu. Anapochoka na kuchambua, maharage yanakuwa duka, yanakuwa barabara, yanakuwa mayai ya kuku asiyekuwepo. Sina ugomvi na skrini. Katuni za Akili and Me zinazotengenezwa Tanzania zina Kiswahili kizuri, nasi tunazitazama. Ila katuni haimsubiri mtoto amalize sentensi yake. Ukikaa naye na kumuuliza nini kitafuata, hapo inafaa.

Siku ya hewa safi tunakwenda Treasure Beach, upande wa Bluff unaotazama bahari. Maji yakipwa, miamba inafunguka na kuacha vidimbwi vyenye kaa, konokono wa baharini na samaki wadogo kama sindano. Kwa mtoto wa mtu wa pwani hapa ni darasa la bure, kwa sababu maneno ya bahari hayafundishiki sebuleni: kupwa, kujaa, bamvua, mwamba, wimbi, povu. Tunaupanga mwendo kwa kutazama mwezi. Ukiwa mchanga kabisa au mpevu, bamvua ipo na maji yatapwa mbali, hivyo wiki nzima kabla ya safari mtoto anachungulia dirishani kila usiku na kutoa taarifa. Masharti ni matatu: hatuipi bahari kisogo, hatukanyagi mwani wenye utelezi, na hakuna kaa anayekuja nyumbani nasi.

Na pale juu ya Bluff naona inafaa kumwambia mtoto, hata kama ataelewa baadaye, kwamba sisi si wa kwanza kufika hapa na lugha zetu kutoka kaskazini. Mwaka 1873 Waingereza walianza kuwashusha Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa waliletwa kwa njia ya Zanzibar wakaitwa Wazanzibari. Walikaa King's Rest, upande wa pili wa kilima hichohicho, mpaka miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowahamisha na kuwapeleka Chatsworth. Zubeida Seedat aliandika tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Natal mwaka 1973, miaka mia moja baada ya meli ya kwanza, na bado walikuwa jamii yenye lugha yake, ngoma zake na mila zake. Hakuna shule iliyowafundisha watoto wao Kimakua. Kilipita nyumbani, kazini na ngomani, kutoka kinywa hadi kinywa. Mimi naona hilo ni jibu tosha kwa mzazi anayeniambia kwamba miaka mitano ya ugenini imemshinda.

Jambo la mwisho linahusu Kizulu, kwa sababu kuna wazazi wanaokiogopa. Wanakikataza nyumbani, wakidhani kila neno la Kizulu linafukuza la Kiswahili. Sikubaliani nao. Lugha hizi ni ndugu, na undugu huo ni mchezo bora kuliko yote niliyoandika hapa. Sisi tunauita "la shule na la nyumbani". Mtoto anakuja na neno la kreshi, mimi namtolea la kwetu, na yakifanana tunachora picha yake na kuibandika kwenye friji. Imbuzi na mbuzi. Inyoka na nyoka. Imvula na mvua. Inkukhu na kuku. Kuthathu na tatu. Lala na lala, ambalo halipendi, kwa sababu linamaanisha kitu kimoja popote aendapo. Alipoleta inyoni nilimpa ndege, akanuna kwamba hayafanani, ndipo nikamtolea nyuni, neno la wazee wa pwani, na kisa cha nyuni kikachukua jioni nzima. Imbuzi nayo ilizua swali, kwa sababu jikoni kwetu kuna mbuzi mwingine, wa kukunia nazi, na ilibidi nieleze kwa nini huyu hali majani.

Friji sasa ina picha ishirini na tatu. Ya mwisho ni ulimi. Nilimwambia kwamba Kizulu nacho kinauita ulimi, herufi kwa herufi. Hakuniamini. Alitoa wake nje, akaushika kwa vidole viwili, akataka niseme tena.