Pektini: gundi ya matunda inayojengwa ndani ya mmea, na inavyotuhusu jikoni

Wazazi wengi wa Kiislamu, wawe Muscat, Dubai au London, wakinunua peremende za watoto hugeuza pakiti kutafuta neno moja: jelatini. Wakikuta imeandikwa pektini, au E440, roho hutulia. Ukiuliza pektini ni nini hasa, jibu huwa fupi tu: "Si ya mimea hiyo." Kweli, ni ya mimea. Lakini namna mmea unavyoijenga ni habari yenyewe, na ukiijua utaelewa vile vile kwa nini jemu ya embe hukataa kuganda na kwa nini rutabu hulainika.

Gundi baina ya seli

Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta. Ukuta huo una nyuzi ngumu za selulosi, na pektini ndiyo inayojaza nafasi baina ya nyuzi na kuzigandisha seli jirani, kama chokaa baina ya mawe ya nyumba za Mji Mkongwe. Aliyeipa jina ni mwanakemia wa Kifaransa Henri Braconnot, mwaka 1825, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda.

Mafundi wanaoijenga

Kazi huanzia kwenye sukari ambayo majani huitengeneza kwa mwanga wa jua. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli, huigeuza sukari hiyo hatua kwa hatua mpaka ikawa asidi ya galakturoni. Asidi hiyo huingizwa katika Golgi, vifuko bapa vilivyomo ndani ya seli, vilivyoitwa kwa jina la daktari wa Kitaliani Camillo Golgi.

Humo ndimo unamotungwa mnyororo. Kimeng'enya kiitwacho GAUT1 huchukua punje moja ya asidi na kuifunga mwisho wa mnyororo, kisha nyingine, kisha nyingine, kama mtu anayetunga asumini kwenye uzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walikitambua mwaka 2006 katika Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na kabichi. Mwaka 2011 wakaonesha jambo jengine: GAUT1 hukatwa ule mkia wake unaokishikilia kwenye Golgi. Kingepotea lau si mwenzake, GAUT7, anayekishika kama nanga inavyoshika mashua.

Mnyororo ukishatungwa, vimeng'enya vyengine huuvisha vifuniko vidogo vya kikemia viitwavyo methili, visaidie usigande kabla ya wakati. Kisha husafirishwa hadi ukutani. Huko hukutana na kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvua vile vifuniko. Vikivuliwa, kalsiamu huingia baina ya minyororo miwili na kuifunga pamoja. Wanasayansi wamefananisha na mayai yaliyokaa kwenye trei. Hapo ukuta hukaza.

Na huo ndio mnyororo mwepesi. Pektini ina sehemu nyengine zenye matawi na sukari za aina nyingi, na moja yao hufungwa kwa madini ya boroni. Inakadiriwa kuwa mmea unahitaji vimeng'enya visivyopungua 67 vya kuunganisha ili kuikamilisha. Ndiyo maana viwanda havihangaiki kuitengeneza upya. Huichukua tu pale mmea ulipoiweka: kwenye maganda ya ndimu, limau na machungwa, na makapi ya tufaha.

Tunda likiiva

Tunda likikomaa, mmea huleta mafundi wa kubomoa. Vimeng'enya vyengine huikata ile minyororo na seli huanza kuachana. Hilo ndilo linaloigeuza tende ngumu ya bisri kuwa rutabu laini wakati wa joto kali la Oman. Na ndilo linaloliacha embe bivu na pektini chache kuliko embe bichi.

Kwa hivyo mama anayepika jemu ya maembe yaliyoiva sana asishangae ikibaki maji maji. Achanganye na maembe machanga kidogo, au atie kwenye kitambaa kisafi mbegu za ndimu na ile nyama nyeupe ya ganda, achemshie humo humo, kisha akitoe. Mapera yana pektini nyingi kwa asili yake. Stroberi zina chache. Pektini ya kawaida hutaka vitu viwili ili igande, sukari nyingi na ukali wa ndimu, na jemu ifike kiasi cha nyuzi 105 za joto. Ukipitisha kiasi kwenye moto, minyororo hukatika na jemu hulegea tena. Halua yetu ni mambo mengine: ile inashikwa na wanga.

Vipi kuhusu halali?

Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe wakiwamo, na pakiti mara nyingi haisemi mnyama gani. Pektini haina asili hiyo kabisa. Lakini mambo mawili yafaa kujulikana. Kwanza, kiwandani pektini hutengwa na maji kwa kutumia alkoholi, kisha hukaushwa. Mwenye wasiwasi na hilo atazame alama ya halali au amuulize sheikh anayemwamini. Pili, neno pektini halisafishi pakiti nzima. Peremende hiyo hiyo yaweza kuwa na rangi ya E120, inayotokana na wadudu, au jelatini pia, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huzitumia zote mbili.

Basi usiishie kwenye neno moja. Soma orodha yote ya viungo mpaka mwisho, na uwafundishe watoto nao wasome.