Dodoma au Naivasha: Baridi Siyo Hoja

Msafiri wa Horohoro anayetaka kuona mashamba ya zabibu za mvinyo ana njia mbili. Ya kwanza inashuka Tanga mjini, inapita Segera, Chalinze na Morogoro, na kufika Dodoma. Ya pili inavuka mpaka papo hapo kuingia Lunga Lunga, inashika Mombasa na Nairobi, kisha inateremkia Naivasha kwenye Bonde la Ufa. Wanaopanga safari hii huanza na swali lile lile: wapi kuna baridi zaidi? Limeulizwa mno, na jibu lake halimsaidii mtu kuchagua.

Imani iliyo nyuma ya swali hilo inajulikana. Zabibu ni za nchi za baridi. Naivasha kuna baridi, basi huko ndiko kwenye mvinyo wa kweli. Dodoma jua ni kali, ndiyo maana mvinyo wake ni mtamu. Vipimo havina ubishi: Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Dodoma mjini mita 1,100 na kitu. Lakini yanayojengwa juu ya vipimo hivyo hayasimami.

Ulaya, baridi kazi yake ni kuulaza mzabibu. Tunda lenyewe huiva kwenye joto la kiangazi, na sehemu zenye sifa kubwa, kuanzia kusini mwa Ufaransa hadi Sisilia, zina viangazi vikavu vya jua kali. Dodoma mzabibu haulali kabisa, kwa hiyo mkasi unafanya kazi ya baridi. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anapogoa matawi, ncha zilizokatwa zinadondosha maji, na baada ya wiki moja au mbili macho yanavimba na kutoa machipukizi. Kama miezi minne baadaye kuna zabibu za kuvuna. Ndiyo sababu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mara moja Februari hadi Machi, mara nyingine Agosti hadi Septemba. Bonde la mto São Francisco nchini Brazili liko chini zaidi na lina joto kuliko Dodoma, nako huvunwa mara mbili, na mvinyo wake unauzwa nje ya nchi. Anayeshikilia kwamba bila baridi hakuna mvinyo aeleze kwanza habari ya bonde hilo.

Hoja ya utamu ni dhaifu zaidi. Jua huitia zabibu sukari, ni kweli, ila sukari hiyo huliwa na chachu na kugeuka kileo. Kila gramu 17 hivi katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia moja ya kileo. Maji yenye gramu 220 yakiachwa yachachuke hadi mwisho hutoa mvinyo mkavu wa asilimia 13 hivi, usio na utamu wowote. Mvinyo ukiwa mtamu, kwa kawaida ama mtengenezaji amesimamisha uchachukaji njiani, ama ametia utamu baadaye kwa kuwa wanunuzi wanaupenda. Huo ni uamuzi wa kiwandani. Dodoma hiyo hiyo inatoa mvinyo mkavu na mtamu, na chupa imeandikwa wazi. Kilichobaki ni kuisoma.

Ukweli uliomo katika imani hii ni mdogo: usiku wa ubaridi hulinda uchachu wa tunda, kwa hiyo mvinyo mweupe wa nyanda za juu huwa na ukali unaochangamsha ulimi. Joto linaloharibu kweli hulikuta tunda likiwa limeshachumwa. Kreti ya zabibu ikingoja nusu siku juani kwenye geti la kiwanda, ngozi hupasuka na uchachukaji wa hovyo huanza kabla tunda halijasagwa. Kisha kuna mvua. Ikinyesha karibu na mavuno, tunda huvimba maji na kupoteza ladha, na ukungu wa ubwiri hushambulia majani na vichala. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, hivyo mavuno ya Agosti huangukia ukavuni, na ndiyo bora. Naivasha ina mvua za masika na za vuli. Swali la kuulizwa ni la mwezi gani.

Anayetaka kuona kilimo chenyewe aende Dodoma, Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo, na leo iko mikononi mwa wakulima wadogo wengi. Kituo cha utafiti cha TARI kiko Makutupora, na kiwanda cha CETAWICO kiko Hombolo. Treni ya SGR imekuwa ikibeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, na wa Tanga anaweza kuipandia Morogoro. Anayesafiri na familia, wengine wakiwa hawana haja na mvinyo, Naivasha inafaa zaidi: kuna ziwa, viboko, hifadhi ya Hell's Gate na hoteli za kila bei. Zabibu huko si kilimo cha vijiji. Shamba linalojulikana ni la mvinyo wa Leleshwa, na ziara hupangwa kabla ya kufika. Mombasa hadi Nairobi kuna treni, halafu matatu. Hati ya kusafiria ni lazima, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, maana huulizwa mpakani. Wakati wa kurudi, msamaha wa ushuru kwa abiria ni lita 2 za mvinyo, yaani chupa mbili za kawaida za mililita 750; chupa ya tatu inavuka kiwango na hutangazwa forodhani Horohoro.