Ukocha wa snoubodi: kazi ya kumwambia kijana aruke, au asubiri

Brolin Mawejje alizaliwa Uganda, nchi ambayo theluji yake hupatikana kwenye vilele vya milima ya Ruwenzori pekee. Alihamia Marekani akiwa na umri wa miaka 12, akajifunza huko mchezo wa kuteleza thelujini kwa ubao, yaani snoubodi, na baadaye akaiwakilisha nchi yake ya kuzaliwa katika mashindano ya kimataifa. Safari kama hiyo huwafanya wengi Afrika Mashariki kujiuliza mtu huanzaje mchezo huo. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: nani humfundisha, naye alipitia njia gani hadi akaaminiwa kazi hiyo?

Kocha wa snoubodi ya mashindano huwa na wachezaji walewale kwa miaka, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Uamuzi wake huweza kumpeleka mmoja jukwaani na mwingine hospitalini.

Mchezo mmoja, fani nyingi

Snoubodi iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1998 huko Nagano, Japani, ikiwa na fani mbili tu. Tangu hapo imepanuka. Zipo fani za mbio, ambako anayefika kwanza ndiye mshindi: wachezaji wawili hushuka sambamba wakipinda kwenye vigingi, au kadhaa hushindana katika njia moja yenye matuta na kona. Zipo pia fani za madoido, ambako majaji hutoa alama kwa miruko na mizunguko ya angani. Maarufu zaidi kati ya hizo huchezwa ndani ya mfereji wa theluji wenye umbo la nusu bomba, ambao kuta zake katika mashindano makubwa hufikia kimo cha takriban mita 6.7.

Anayetaka kuwa kocha hulazimika kuchagua upande mapema. Kocha wa mbio hushughulika na makali ya ubao, nta na sekunde. Kocha wa madoido hushughulika na mwendo wa mwili angani, na zaidi ya yote, na hofu.

Kutoka ualimu hadi ukocha

Kwa kawaida safari huanzia katika shule za mlimani, ambako wageni hulipia somo la saa chache. Nchini Marekani, chama cha walimu wa snoubodi hutoa vyeti vya madaraja matatu. Canada ina madaraja manne. Daraja la kwanza huchukua siku chache tu na humruhusu mwenye cheti kuwafundisha wanaoanza. Madaraja ya juu huhitaji misimu kadhaa ya mazoezi, na watahiniwa wengi hurudia mtihani.

Hata hivyo, cheti cha ualimu peke yake hakimfanyi mtu kuwa kocha wa mashindano. Hatua inayofuata ni kujiunga na klabu, aghalabu kama msaidizi, na kusomea vyeti vya ukocha vinavyotolewa na shirikisho la mchezo la nchi husika. Humo hufundishwa mipango ya mazoezi ya mwaka mzima, ukuaji wa mwili wa kijana, saikolojia ya mashindano na huduma ya kwanza.

Je, ni lazima kocha awe bingwa wa zamani? Kuwa bingwa husaidia, lakini si sharti. JJ Thomas wa Marekani alishinda medali ya shaba katika Olimpiki ya mwaka 2002, kisha akawa kocha wa Shaun White aliyetwaa dhahabu mwaka 2018. Makocha wengine hawakuwahi kufika Olimpiki kama wachezaji. Walijijengea jina kwa kulea kundi moja la vijana kutoka klabu ya mtaani hadi timu ya taifa.

Uamuzi ulio mgumu kuliko yote

Siku ya kocha huanza kabla ya lifti za mlimani kufunguliwa kwa umma. Hukagua theluji kwanza, kwa kuwa ile iliyoganda alfajiri huuendesha ubao kwa kasi, na iliyolainika mchana huupunguzia mwendo. Mruko uliofaulu saa tatu asubuhi unaweza kuishia pabaya saa nane mchana, mchezaji akitua kabla ya mteremko au akiupita. Kwa hiyo kocha hupima upepo, hutazama kivuli kilipofika, huzungumza na wenzake kwa redio, na kurekodi kila jaribio kwa video.

Miruko mipya hujengwa kwa hatua. Mchezaji huanza kwenye trampolini, kisha hurukia mto mkubwa wa hewa, na mwishowe hutua kwenye theluji. Kocha ndiye huamua lini hatua moja imetosha kuruhusu nyingine.

Uzito wa uamuzi huo ulionekana tarehe 31 Desemba 2009, pale Kevin Pearce, mmoja wa vijana waliotarajiwa kung'ara katika Olimpiki ya mwaka 2010, alipoanguka akifanya mazoezi mjini Park City, Marekani, na kupata jeraha kubwa la ubongo. Alinusurika, lakini hakurejea katika mashindano. Shaun White naye aliumia vibaya usoni mwezi Oktoba 2017 nchini New Zealand, akashonwa nyuzi 62. Miezi minne baadaye alishinda dhahabu kwa kuunganisha miruko miwili mfululizo, kila mmoja ukiwa na mizunguko minne kamili.

Wakati mwingine hatari hutoka kwa waandaaji. Katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, fainali moja ya wanawake ilifanyika katika upepo mkali na washindani wengi wakaanguka. Mazingira kama hayo humweka kocha njia panda: kumzuia mchezaji aliyesubiri miaka minne, au kumwachia aende.

Ulinzi wa watoto

Kocha husafiri na watoto wa watu kwa majuma mengi, mbali na wazazi wao. Ndiyo maana Marekani humtaka kila kocha wa klabu za shirikisho achunguzwe rekodi ya uhalifu na apate mafunzo ya kuzuia unyanyasaji. Taasisi maalumu ya kupokea malalamiko hayo ilianza kazi mwaka 2017. Kanuni zinakataza mtu mzima kukaa faragha na mchezaji mtoto, na ujumbe wa simu sharti usomwe pia na mzazi au mtu mzima mwingine. Baada ya Michezo ya Beijing ya mwaka 2022, kocha mmoja wa muda mrefu wa timu ya Marekani aliachishwa kazi kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kingono.

Kipato na msimu

Msimu wa theluji kaskazini mwa dunia huisha takriban mwezi Aprili, na pamoja nao mishahara ya wengi. Wenye nafasi katika timu za taifa huifuata theluji New Zealand au Chile, ama hupanda kwenye barafu za kudumu kama ya Hintertux nchini Austria. Waliobaki hufanya kazi za ujenzi, hoteli au kambi za vijana. Kuyeyuka kwa barafu hizo kunakochochewa na mabadiliko ya tabianchi kunazidi kubana nafasi za mazoezi ya kiangazi.

Kwa Mwafrika Mashariki anayevutiwa, mlango ulio wazi zaidi uko kwa waliohamia nchi za baridi, wanaoweza kuanza na cheti cha daraja la kwanza karibu na wanakoishi. Barani Afrika, Lesotho ina kituo cha Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako msimu huanza mwezi Juni.